Max Perutz na herufi ya sita

Max Perutz alizaliwa Vienna mwaka 1914. Mwaka 1936 alikwenda kusoma Cambridge, na mwaka uliofuata akaanza kuchunguza hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, kwa eksirei. Mwaka 1940 Waingereza walimfunga kama raia wa nchi adui, wakampeleka Kanada. Aliporudi aliendelea na kazi ileile. Umbo la hemoglobini lilionekana mwaka 1959, baada ya miaka 22. Nobeli ikaja 1962.

Katika kitengo chake Vernon Ingram aligundua tofauti ya damu ya SS, ugonjwa ambao familia za hapa Bunia zinaujua. Mnyororo wa beta una asidi amino 146. Ya sita, glutameti, imebadilishwa na valini: herufi moja tu, kama pata na paka.

Baadaye ilionekana kwamba oksijeni ikiachiliwa, valini hiyo hugusana na fenilalanini ya 85 na lusini ya 88 za molekuli jirani. Molekuli hushikana kuwa nyuzi, na chembe ya damu hupinda kama mundu. Basi madhara ya herufi hutegemea jirani inayemgusa.

Perutz alifariki mwaka 2002.