Edward Saidi Tingatinga: Mchoraji wa Rangi ya Baiskeli

Wahenga walinena kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sisi wa Muhuru Bay, tuliozaliwa na kulelewa kando ya ziwa, methali hiyo hatuhitaji kufafanuliwa. Lakini mwaka huu mimi nimegaagaa na upwa, na wali nikala mkavu! Hebu niwasimulie kwanza aibu yangu, kisha niwaletee habari za mtu aliyeniponya.

Si mnaikumbuka ile picha ya chama chetu iliyotundikwa darasani muhula wa kwanza? Nilikuwa nimeiunda kwa kubandika. Mashua nilizikata kutoka karatasi za unga, maji nikayafanya kwa mchanga na magamba ya mbuta, na nyavu zilikuwa nyavu kweli, vipande vikuukuu nilivyookota ufuoni. Gundi yangu ilikuwa uji wa unga wa ngano. Ili picha ing'ae, niliipaka vanishi ya mbao siku hiyo hiyo, kabla uji haujakauka vizuri. Siku ile kila mtu aliisifu. Kufikia katikati ya muhula mende walikuwa wameula uji, magamba yakawa yanadondoka mmoja mmoja, na karatasi zikafanya madoa ya mafuta kama zile za kufungia mandazi. Juu yake vanishi ilifanya ukungu mweupe. Jamani, niliona haya! Nikaapa kuwa sanaa ni ya watu wa mjini wenye pesa za kununua vifaa.

Mwalimu mmoja aliponisikia alicheka, kisha akanituma nikasome maisha ya Edward Saidi Tingatinga. Nami nilidhani tingatinga ni lile dude la kusawazisha barabara! Kumbe ni jina la ukoo wa mtu.

Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida, wa jembe la mkono. Hakusoma sana, wala hakuingia chuo chochote cha sanaa. Katika miaka ya 1950 aliondoka kwao kutafuta riziki, akafika Tanga ambako alifanya kazi katika mashamba ya mkonge. Anayeijua kazi ya mkonge ajua kuwa si lelemama. Miiba yake huchoma na jua halina huruma.

Kutoka Tanga alihamia Dar es Salaam. Huko maisha yake yalikuwa ya kubangaiza, leo kibarua hiki, kesho kile. Aliwahi kutunza bustani ya ofisa Mwingereza. Aliwahi pia kuuza matunda na mboga, na baadaye akapata kazi katika hospitali ya Muhimbili. Ukimtazama mtu huyo akipita barabarani na kikapu chake, ungesema ni mmoja tu wa maelfu. Lakini la mtu huwa moyoni mwake.

Mwaka wa 1968, akiwa na umri wa miaka 36, Tingatinga alianza kuchora. Inasemekana alikuwa ameziona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mjini, naye akajiambia kwamba hata yeye anaweza. Sasa, wasomaji, hapo ndipo aliponishika sikio. Atachorea nini? Rangi za wasanii zilizoletwa kutoka ng'ambo zilikuwa ghali, na turubai la kuchorea vile vile. Jamaa huyu hakulia wala hakukopa. Alichukua hadibodi, ule ubao mwembamba wa kujengea dari, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ile ipakwayo baiskeli.

Huenda mkasema alichukua chochote kilichokuwa karibu. La hasha! Hebu tufikiri pamoja. Baiskeli hushinda juani, hunyeshewa, hugongwa, na bado rangi yake hukaa. Rangi ya namna hiyo ikikauka huwa ngumu, tena hung'aa yenyewe, kwa hivyo picha haihitaji kupakwa vanishi juu. Gharama moja imeondoka, na balaa moja pia, kwa sababu vanishi nyingi za mafuta hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Hadibodi nayo hailegei wala haikunjiki kama kitambaa. Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 ukiukata vipande vya futi 2 kwa 2 unapata picha 8. Picha nyingi za Tingatinga zina kipimo kama hicho, yaani takriban sentimita 60 kila upande.

Vifaa hivyo viliufuata mkono wake, na mkono nao ukavifuata vifaa. Rangi ya baiskeli haitaki kuchanganywa juu ya ubao, kwani rangi mbili mbichi zikikutana zinachuruzika na kuharibiana. Basi yafaa kupaka ubao wote rangi moja, kungoja ikauke, kisha kumchora mnyama juu yake kwa mistari safi. Hivyo ndivyo tunavyozijua picha zake: chui mmoja, tembo mmoja au ndege mmoja mkubwa katikati, macho yamemtoka, na nyuma yake rangi tupu. Wengine huona kama mchezo wa watoto. Mimi sasa naona akili ya fundi aliyeijua rangi yake inataka nini na inakataa nini.

Picha hizo ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, mtaa wa Oyster Bay, ambako wageni wengi walikuwa wakienda kununua mahitaji yao. Zilipendwa. Mwaka wa 1970 Tingatinga alimwoa Agatha Mataka. Kazi ilipozidi, hakuificha siri ya riziki yake. Aliwaita jamaa na marafiki, akawafundisha: akina January Linda, Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu na Kasper Tedo. Yumo pia Simon Mpata, ambaye baadaye alikuja Kenya na kuchora Nairobi.

Kisha, mwaka wa 1972, mauti yalimjia ghafla. Usiku mmoja alikuwa ndani ya gari mjini Dar es Salaam, polisi wakalidhania gari hilo kuwa la wahalifu, wakafyatua risasi. Tingatinga akafa. Alikuwa na miaka 40 tu. Hesabuni wenyewe: kutoka 1968 hadi 1972 ni miaka minne. Muda ambao sisi tunautumia kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, yeye ndio aliojaliwa kuwa mchoraji!

Hata hivyo wanafunzi wake hawakutupa brashi. Waliendelea kuchora pale pale, na mwaka wa 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao. Hata vile vibonzo vya watoto, Tinga Tinga Tales, vilivyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka wa 2010, vilichukua mtindo huo. Na picha alizozichora kwa mkono wake mwenyewe zipo hadi leo, zimehifadhiwa na watu wa nchi mbalimbali. Mwenyewe alikwenda upesi, lakini rangi aliyoichagua ilibaki.

Baada ya kusoma hayo nilirudi kwa picha yangu nikiwa na macho mapya. Niligundua kuwa kosa halikuwa umaskini wa vifaa. Marehemu Rosemary Karuga wa hapa Kenya, aliyeishi kutoka 1928 hadi 2021, alijipatia sifa kwa picha alizozibandika kwa vipande vya pakiti za sabuni na za unga, vitu ambavyo wengi wetu hutupa. Kosa langu lilikuwa kutouliza kila kifaa tabia yake.

Basi nimeianza upya, na haya ndiyo niliyojifunza. Uji wa ngano ni chakula, na penye chakula mende hakosi. Upepo wa ziwa nao huuotesha kuvu. Sasa natumia gundi nyeupe ya seremala, ambayo ikikauka hubadilika ikawa angavu. Magamba nayaosha kwa sabuni mpaka utelezi uishe, nayakausha, ndipo nayabandika. Karatasi naipaka gundi chini na juu. Ile ya juu naichanganya na maji kidogo, naipaka mara mbili, ili mafuta ya vanishi yasipate njia ya kupenya. Gundi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, kwa hivyo kubandika hutangulia na rangi hufuata. Kama rangi imekwisha tangulia, sharti niikwaruze kwa msasa kwanza. Vanishi naijaribu kwenye kipande cha kutupa, naipaka nyembamba, tena siku kavu. Siku ya mvua ndiyo iletayo ukungu. Na kingo za hadibodi nazipaka rangi pia, maana zikinywa maji huvimba.

Tena nimepata walimu wengine papa hapa nyumbani. Mafundi wanaopaka mashua rangi ufuoni hawana vyeti vya sanaa, lakini wanajua rangi gani itavumilia maji na jua, na kwamba ubao mbichi haupakwi. Nimekaa nao Jumamosi mbili nikawashikia makopo. Ng'ambo ya mpaka, hatua chache tu kutoka kwetu, ndiyo Tanzania ya Tingatinga.

Picha mpya itatundikwa mahali pale pale. Nawaomba msiisifu siku ya kwanza. Ngojeni mvua zije zipite, kisha mje mguse gamba moja kwa kidole. Likiwa bado limeshika, mtamkumbuka mtunza bustani wa Tunduru.