Sayyid Khalid Alingoja Maji Yajae

Sayyid Khalid bin Barghash alifia hapa kwetu Mombasa, na si wengi wamjuao. Mimi kila nisomapo habari zake hukwama pale penye maji.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwain wa Unguja. Khalid, mwana wa Sultani Barghash, aliingia jumbani akajitawaza. Nasaba anayo, lakini Waingereza walishika kwamba hatawali mtu bila idhini ya balozi wao. Tarehe 27 manowari zao zikalipiga jumba. Vita havikutimiza saa moja, na waliouawa na kujeruhiwa walikaribia 500.

Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani, nao wakakataa kumtoa. Waingereza wakaweka askari nje: akikanyaga ardhi ya Unguja, akamatwe. Yeye aliyezaliwa hapo, jamani! Akangoja zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya manowari Seeadler ikasogea hadi penye bustani ya ubalozi, akaingia humo bila kugusa hata mchanga wa pwani.

Akakaa Dar es Salaam miaka ipatayo 20, na Unguja iko ng'ambo tu, safari fupi kwa jahazi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Waingereza wakamkamata, wakamhamishia Shelisheli na St Helena. Walipomruhusu kurudi pwani, makazi yake yakawa Mombasa. Alifariki 1927, Mwenyezi Mungu amrehemu, na bendera nyekundu ya jamaa zake ikipepea Ngomeni.