Dakta Martin Luther: Mtu wa Toba ya Kila Siku

Kila mwaka ifikapo tarehe 31 Oktoba, Wakristo wa Kilutheri huadhimisha Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, na jina la Dakta Martin Luther hutajwa pamoja na mlango wa kanisa la Wittenberg na zile hoja 95 za mwaka 1517. Ni vema siku hiyo ikumbukwe. Hata hivyo, mtu amjuaye Luther kwa siku hiyo moja tu bado hajamjua. Hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 ilihusu toba, kwamba Bwana Yesu alitaka maisha yote ya waamini yawe ya kutubu. Kwa muda wa miaka 28 iliyobaki ya uhai wake, Luther hakuiacha hoja hiyo.

Alizaliwa Eisleben, Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake. Baba yake, Hans, alifanya kazi ya migodi ya shaba, na kwa jasho lake alimsomesha mwanawe akitumaini kwamba atakuwa mwanasheria. Lakini tarehe 2 Julai 1505 kijana huyo alikutwa na radi njiani karibu na kijiji cha Stotternheim, na kwa hofu ya mauti akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Siku 15 baadaye aliingia katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Agostino mjini Erfurt. Baba yake alikasirika sana.

Huko utawani Luther alifunga, alikesha, aliomba, na zaidi ya yote aliungama. Yasimuliwa kwamba nyakati nyingine maungamo yake kwa Johann von Staupitz, mkuu wa shirika lao, yalichukua hata saa sita. Alipokwisha kuondolewa dhambi, moyo ulimkumbusha nyingine aliyoisahau, naye akawa na mashaka kama majuto yake yalikuwa ya kweli na kamili. Staupitz alichoka, lakini hakumtupa. Alimwonya kwamba anahesabu vijambo vidogo vidogo, akamwelekeza ayatazame majeraha ya Kristo badala ya kuutazama moyo wake mwenyewe. Luther alimshukuru mzee huyo maisha yake yote, ingawa njia zao zilitengana baadaye.

Tangu mwaka 1513, akiwa sasa mwalimu wa Maandiko katika chuo kikuu cha Wittenberg, alifundisha Zaburi, kisha Warumi, Wagalatia na Waebrania. Katika kazi hiyo alifunguliwa macho kuona kwamba haki ya Mungu itajwayo katika Warumi 1:17 ni ile ambayo Mungu humpa mwenye dhambi bure kwa imani katika Kristo. Yaliyofuata yanajulikana na wengi: mabishano juu ya vyeti vya msamaha, kusimama mbele ya Kaisari mjini Worms mwaka 1521, kufichwa katika ngome ya Wartburg, na tafsiri ya Agano Jipya iliyotoka Septemba 1522.

Mtu angedhani kwamba baada ya kuipata Injili namna hiyo Luther hakuwa na haja tena ya kwenda kuungama. Walikuwako waliodhani hivyo Wittenberg, nao wakaanza kuyadharau maungamo kana kwamba ni mzigo wa zamani. Luther aliporudi kutoka Wartburg mwezi Machi 1522 alihubiri siku nane mfululizo, na katika mahubiri ya mwisho aliligusa jambo hili. Hakutaka mtu yeyote alazimishwe. Lakini kwa upande wake alisema wazi kwamba asingekubali kunyang'anywa maungamo hata kwa hazina ya dunia nzima, kwa kuwa bila faraja ile Ibilisi angalikwisha kumshinda zamani. Kilichomtesa utawani sasa kilimfariji, kwa sababu hakuitegemea tena hesabu ya majuto yake. Alilitegemea neno la ondoleo la dhambi, litokalo nje yake, katika kinywa cha ndugu.

Neno hilo alilihitaji mno mwaka 1527. Asubuhi ya tarehe 6 Julai majaribu makali ya rohoni yalimwangukia, akamwita Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, akaungama kwake na kuomba afarijiwe kwa Neno la Mungu. Jioni ya siku hiyo mwili nao uliishiwa nguvu, hata waliokuwapo wakadhani anakufa. Ilikuwa miaka kumi tangu zile hoja 95. Mwalimu aliyekuwa ameitia Ulaya nzima katika mjadala juu ya neema alilala kitandani akihitaji mtu mwingine amwambie kwamba neema hiyo ni yake pia. Mwezi uliofuata tauni iliingia mjini. Chuo kilihamishiwa Jena, bali Luther alibaki na wagonjwa, pamoja na mkewe Katharina aliyekuwa mja mzito. Binti yao Elisabeth, aliyezaliwa Desemba mwaka ule, hakuufikisha mwaka mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 1528 Luther alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saksonia, akaona huzuni nyingine. Watu wengi hawakujua hata Sala ya Bwana, na wachungaji kadhaa hawakuweza kufundisha. Ndipo alipoandika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo sehemu zake za kwanza zilichapwa kama karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, mahali ambapo jamaa ya nyumbani wangeziona kila siku. Ndicho kitabu ambacho vizazi vya vijana wa Kipaimara nchini Tanzania wamekikariri. Mwenye kukisoma kwa makini ataona jinsi siku inavyorudiwa ndani yake. Ubatizo unahesabiwa kuwa kuzamishwa kwa mtu wa kale kwa toba ya kila siku. Roho Mtakatifu anasamehe dhambi kila siku. Na sala ya jioni haisahau kuomba msamaha wa siku ile.

Katika dibaji aliyoiongeza kwenye Katekisimo Kubwa mwaka 1530, Luther aliwakemea waliodhani kwamba kuisoma mara moja kumewatosha. Inafaa ikumbukwe kwamba waliokemewa kwanza hapo ni wachungaji, wala si washarika. Yeye mwenyewe, akiwa dakta na mhubiri, alieleza kwamba kila asubuhi anazisema Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana na Zaburi kama mtoto mdogo. Sababu yake haikuwa usahaulifu wa akili. Aliona kwamba sheria imeandikwa moyoni mwa mwanadamu, hivyo dhamiri huirudia upesi, ama kwa kujisifu ama kwa kukata tamaa. Lakini Injili haikuzaliwa na mtu, sharti aletewe. Alikiri kwamba baada ya kuihubiri karibu miaka 20 bado alijikuta akitaka kumpelekea Mungu kitu chake mkononi.

Alikuwako Wittenberg kinyozi aliyeitwa Peter Beskendorf, rafiki wa Luther wa siku nyingi, aliyemwomba amfundishe kuomba. Mapema mwaka 1535 Luther alimwandikia kijitabu kizima, akimwonyesha jinsi ya kuichukua kila amri na kuifanya fundisho, shukrani, maungamo na ombi. Siku ya kuamkia Pasaka ya mwaka uleule, kinyozi huyo, akiwa amelewa mezani kwa jamaa zake, alimchoma mkwewe kisu, akamwua. Luther na wengine walimwombea kwa watawala. Peter aliponyoka kifo, lakini alipoteza mali yake na kufukuzwa mjini. Luther hakumkana rafiki yake.

Wala Luther mwenyewe hakuwa amelihitimu somo hilo. Mwaka 1525 aliwahimiza watawala kuwapiga bila huruma wakulima walioasi, na mwaka 1543 aliandika dhidi ya Wayahudi maneno ya chuki ambayo Kanisa la Kilutheri limeyakataa hadharani. Mambo haya hayapaswi kufichwa hata katika kitabu cha sherehe.

Mwezi Januari 1546, akiwa mgonjwa, alisafiri hadi Eisleben kupatanisha ugomvi wa mabwana wa Mansfeld. Huko alifariki tarehe 18 Februari, akiwa na umri wa miaka 62, katika mji uleule alikobatizwa. Katika kikaratasi alichoandika siku mbili kabla yake alijihesabu kuwa mwombaji tu, pamoja na wote. Mwili ulirudishwa Wittenberg na kuzikwa tarehe 22 Februari, karibu na mimbari ya kanisa lenye ule mlango. Mahubiri ya mazishi yalitolewa na Bugenhagen, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiyapokea maungamo yake.