Samuel Colt: Mtu Aliyefilisika Kabla ya Kufaulu

Mtahiniwa, ukiulizwa ni nani aliyevumbua rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, huenda ukaandika haraka: Samuel Colt. Jibu hilo lina kasoro. Mwaka 1818, Colt akiwa mtoto wa miaka minne, Mmarekani Elisha Collier alikwisha kupata hataza ya silaha ya namna hiyo jijini London. Yake ilikuwa ya gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Soma basi maisha ya Colt uone alichofanya hasa.

Samuel Colt alizaliwa tarehe 19 Julai 1814 mjini Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Mwaka 1830 alipanda meli iitwayo Corvo iliyokuwa ikielekea Calcutta, India. Inasimuliwa kwamba akiwa safarini aliutazama usukani wa meli unavyozunguka na kukazwa mahali pamoja, akapata wazo. Alichonga kwa mti mfano wa silinda yenye matundu ya risasi.

Aliporudi nyumbani, baba yake alimgharimia silaha za majaribio. Moja ilipasuka ilipofyatuliwa. Colt hakuwa na fedha za kuajiri mafundi bora. Je, alizipata wapi? Alizunguka mijini akijiita Dokta Coult, akiwaonyesha watu gesi ya kuchekesha kwa kiingilio. Kwa fedha hizo mafundi waliendelea na kazi. Alipata hataza Uingereza mwaka 1835, na Marekani tarehe 25 Februari 1836.

Hapa zingatia jambo la msingi. Katika bastola ya Colt, mpiganaji alipoivuta nyuma nyundo ndogo ya bastola, silinda ilizunguka yenyewe na kujifunga, tundu likiwa sambamba na mtutu. Isitoshe, alitumia fataki badala ya jiwe la gumegume. Hivyo mtu aliweza kupiga risasi tano mfululizo, wakati mwenye bastola ya kawaida alipiga moja kisha akasimama kushindilia baruti upya.

Mwaka 1836 kiwanda chake cha kwanza kilianza katika mji wa Paterson, New Jersey. Bastola zilikuwa ghali, zenye vipuri laini vilivyoharibika upesi, na jeshi lilinunua chache tu. Mwaka 1842 kiwanda kilifungwa. Colt alikuwa na miaka 28, ana hataza mkononi lakini hana kiwanda. Akageukia mabomu ya kulipuliwa chini ya maji na nyaya za simu ya maandishi.

Lakini bastola zake chache zilikuwa zimefika Texas. Huko askari wa doria walipigana na Wacomanche, wapanda farasi hodari ambao waliweza kurusha mishale kadhaa wakati adui akishindilia bunduki yake. Mwaka 1844, katika pambano moja, askari wachache wenye bastola za Colt waliwashinda Wacomanche waliowazidi kwa idadi. Mmoja wa askari hao alikuwa Samuel Walker.

Vita kati ya Marekani na Meksiko ilipoanza mwaka 1846, Walker alimtafuta Colt na kumweleza kasoro za bastola yake. Kwa pamoja walibuni mpya: risasi sita badala ya tano, kinga ya kifyatulio, na uzito wa takriban kilo mbili. Mwaka 1847 serikali iliagiza bastola 1,000. Kwa kuwa Colt hakuwa na kiwanda, zilitengenezwa katika kiwanda cha Eli Whitney mdogo, mtoto wa yule Whitney wa mashine ya kuchambulia pamba unayemjua kutoka mada ya mapinduzi ya viwanda. Walker mwenyewe aliuawa vitani mwaka huohuo.

Kuanzia hapo Colt hakurudi nyuma. Mwaka 1851 alionyesha bastola zake katika Maonyesho Makuu ya London. Mwaka 1855 alifungua kiwanda kikubwa Hartford, kando ya mto, akijenga tuta la kuzuia mafuriko. Fundi wake mkuu, Elisha Root, aliweka mashine zilizochonga vipuri vinavyofanana, hata kazi ya mikono ikapungua sana.

Colt alifariki tarehe 10 Januari 1862 akiwa na miaka 47, tajiri mkubwa, Marekani ikiwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Kabla ya vita hiyo aliwauzia silaha watu wa kaskazini na wa kusini pia. Mjane wake, Elizabeth, alirithi kiwanda, na kilipoungua mwaka 1864 alikijenga upya.

Kwa hiyo, mtahiniwa, usiandike kwamba Colt alikuwa wa kwanza. Andika kwamba aliifanya rivolva itumike na kuzalishwa kwa wingi, na kwamba aliinuka alipokubali kusahihishwa na mtumiaji. Usisahau upande wa pili: utajiri huo ulitokana na chombo cha kuua, na Wacomanche ni miongoni mwa walioulipia.

Maswali

1. Kwa nini si sahihi kusema Colt ndiye wa kwanza kuvumbua rivolva?
2. Taja sababu mbili za kufungwa kwa kiwanda cha Paterson.
3. Eleza mabadiliko mawili yaliyotokana na ushauri wa Walker.
4. Mashine za Root zilibadilishaje kazi kiwandani?
5. Je, Colt anastahili kusifiwa? Toa hoja mbili za kila upande.