Jamaa aliyefunza tanuri kupima joto lake

Cornelis Drebbel alizaliwa Alkmaar, Uholanzi, mwaka wa 1572, kisha akahamia Uingereza kumtumikia Mfalme James wa Kwanza. Huko jamaa aliunda tanuri la kuangulia mayai. Joto likizidi, spiriti iliyo chupani inatanuka na kusukuma zebaki, nayo inainua kijiti kinachoziba tundu la hewa, moto unafifia. Likipoa, tundu linafunguka tena. Miaka ya 1620, nyambizi yake ilipigwa makasia chini ya mto Thames. Lakini ujanja wote huo haukumjaza mfuko. Alisota, akaishia kuuza bia London, akafariki 1633. Kumbe leo anayechachusha bia nyumbani huitegemea akili ileile: friji inayojizima na kujiwasha yenyewe.