Thurgood Marshall na Shule Iliyomlea

Kwa wanachama na wazee wetu wa Nkubu. Katika taarifa ya mwaka huu, baada ya hesabu za fedha na majina ya wanafunzi waliosaidiwa karo, tumeona vema kuweka maisha ya mtu mmoja ambaye hakuzaliwa Meru wala Afrika, lakini kazi yake iliwahi kufika mpaka kwetu. Mtu huyo ni Thurgood Marshall, wakili wa watu weusi wa Marekani. Tumemchagua kwa sababu chama chetu huulizwa kila mwaka faida ya kumsomesha mtoto ambaye pengine atakwenda mbali asirudi. Maisha yake yana jibu.

Marshall alizaliwa tarehe 2 Julai 1908 katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule. Baba yake alihudumu katika mabehewa ya chakula ya reli, kisha katika klabu ya Wazungu. Siku hizo watoto weusi wa mji ule walisoma katika shule zao peke yao, nao Wazungu katika zao. Chuo Kikuu cha serikali ya jimbo kilikuwa na shule ya sheria pale pale Baltimore, lakini kijana mweusi hakupokelewa humo, hata kama wazazi wake walilipa kodi iliyokiendesha.

Watu weusi wa Marekani walikuwa na vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili yao, kwa sababu vingine viliwafungia mlango. Marshall alianza katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, kilichoasisiwa mwaka 1854, akamaliza mwaka 1930. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alisoma huko wakati huo huo, na baadaye Kwame Nkrumah wa Ghana akafuata. Kisha Marshall akaingia shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kilichoanzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya watumwa wote wa nchi ile kuachwa huru. Nyumbani hapakuwa na fedha za kutosha. Inasimuliwa kwamba mama yake aliweka rehani pete zake ili karo ipatikane. Kijana hakuweza kupanga chumba Washington, basi alipanda gari la moshi alfajiri, akasafiri maili arubaini hivi kwenda, na jioni maili zile zile kurudi.

Shule ile iliongozwa na Charles Hamilton Houston, mtu mweusi aliyesomea sheria Harvard. Houston alikuwa mkali. Alifunga masomo ya jioni, akaongeza kazi, na mwaka 1931 shule ikatambuliwa rasmi na chama cha mawakili cha nchi. Wengi walioanza hawakumaliza. Fundisho lake lilikuwa kwamba wakili mweusi asiyejenga jamii yake hana faida kwa jamii hiyo. Na kwamba ni lazima awe hodari kuliko mpinzani wake, kwa kuwa mahakama haitamsamehe kosa dogo. Marshall alilishika neno hilo. Mwaka 1933 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa juu ya mlango ule ule aliofungiwa. Mwaka 1935, yeye na mwalimu wake Houston walisimama mahakamani Baltimore kumtetea Donald Murray, kijana mweusi aliyekataliwa na shule ya sheria ya Maryland. Walishinda, na mwaka 1936 mahakama ya rufani ya jimbo ikathibitisha hukumu. Tangu hapo Marshall, akiwa wakili wa chama cha kutetea haki za watu weusi, alizunguka majimbo ya kusini ambako maisha yake yalikuwa hatarini mara nyingi. Lakini hakuiacha Howard. Kabla ya kwenda mbele ya Mahakama Kuu ya nchi, alirudi shuleni kwake, akasimama mbele ya walimu na wanafunzi waliojifanya majaji, wakamhoji mpaka udhaifu wote wa hoja zake ukaonekana. Houston alifariki mwaka 1950. Tarehe 17 Mei 1954, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwatenga watoto katika shule za serikali kwa ajili ya rangi ni kinyume cha katiba. Mwalimu hakuiona siku hiyo, lakini kazi ilikuwa yake pia.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1960 wajumbe Waafrika 14 waliochaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya waliitwa London kuzungumza juu ya katiba mpya. Miongoni mwao alikuwa Bw. Bernard Mate, ambaye kura za Wameru zilimwinua mwaka 1957, na Bw. Jeremiah Nyagah wa Embu. Kwa njia ya Bw. Tom Mboya, wajumbe hao walimwomba Marshall awe mshauri wao wa sheria. Mwezi wa Januari alikuja Kenya kwanza. Alipokwenda Kiambu, maofisa wa serikali walimzuia kuingia mkutanoni. Aliomba ruhusa ya kuwaamkia tu watu waliokuwa nje, akatamka neno moja, uhuru, nao umati ukalipokea kwa shangwe.

Huko London, katika jumba la Lancaster, Marshall aliandika rasimu ya haki za raia wa Kenya. Iligusa usawa mbele ya sheria, elimu, afya, kazi na kura. Humo aliweka pia jambo ambalo wengi hawakulitarajia kutoka kwa mtu mweusi: kwamba mali ya mtu yeyote, hata mlowezi, isichukuliwe ila kwa faida ya umma na kwa fidia ya haki, na kwamba mwenye mali aweze kwenda mahakamani.

Hapa hatutaficha ugumu wa jambo lenyewe. Wazee wengi waliona kwamba ardhi iliyochukuliwa bila fidia haikustahili kurudishwa kwa fidia, na wakulima waliopewa mashamba katika mipango ya makazi walibeba mikopo ya kuyalipia kwa miaka mingi. Manung'uniko hayo yalikuwa ya haki. Lakini Marshall alitoka katika watu waliokuwa wachache nchini mwao, waliojua maana ya kuishi chini ya wengi wasiofungwa na sheria. Hakuweza kudai kinga kwa watu wake Marekani, kisha awanyime wachache wa Kenya. Mwaka 1963 aliporudi huku, akakuta wafanyabiashara wa Kihindi wakibaguliwa, alisema wazi kwamba haki zilizoandikwa ni zao pia.

Historia ilionyesha kwamba onyo lake halikuwa bure. Mwaka 1966 katiba ilirekebishwa, serikali ikapata nguvu zaidi ya kumweka mtu kizuizini bila kumshitaki, na waliofungwa hivyo miaka iliyofuata walikuwa Waafrika. Ukuta uliobomolewa upande wa jirani haukutuzuilia mvua sisi wenyewe. Sura ya Nne ya Katiba ya mwaka 2010 imeujenga upya ukuta huo.

Marshall aliporejea kwao mwaka ule wa 1960, alikuta wanafunzi weusi wamekamatwa kwa kuketi katika mikahawa ya Wazungu. Walioanzisha wimbi hilo la kuketi walikuwa wanne wa chuo cha watu weusi cha Greensboro, North Carolina. Mwezi wa Machi mawakili walikutana Howard kupanga utetezi wao; mkutano ulifanyika katika shule ile ile. Mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kukaa katika Mahakama Kuu ya Marekani, akahudumu mpaka 1991. Alifariki tarehe 24 Januari 1993.

Ndugu wanachama, pete za mama mmoja wa Baltimore zililipa karo ya kijana mmoja, na kijana huyo akawafungulia wengine mlango, kisha akaandika haki za nchi ambayo mama huyo hakuijua. Anayetoa mchango wake leo hajui utafika wapi. Lakini tunayemsomesha na ajue kwamba kuna deni: arudi shuleni kwake kama Marshall alivyorudi Howard, awape wanaofuata alichopewa, na asimwogope wala kumdhulumu jirani aliye mchache kuliko yeye.