Fadhili William, mwimbaji wa "Malaika"



Ni nadra kuhudhuria harusi, iwe hapa Malangali, Sumbawanga mjini au kule bondeni Rukwa, bila wimbo wa "Malaika" kupigwa. Wazee wanaujua, vijana wanaujua. Lakini ukiuliza nani aliupeleka studio kwa mara ya kwanza, wengi watamtaja Miriam Makeba. Makeba aliuimba vizuri sana, ila aliupokea kwa mwingine. Leo tumtazame huyo mwingine.

Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Wataita, kusini mwa Kenya, si mbali na mpaka wa Tanganyika. Mdawida ndilo neno ambalo Mtaita hutumia kujitambulisha kwa lugha yake. Alijifunza gitaa akiwa kijana, akaenda Nairobi, jiji ambalo wakati ule lilivuta wanamuziki kutoka pande zote: Uganda, Tanganyika, Kongo na hata Zambia ya leo. Huko aliimba na kundi la Jambo Boys. Pamoja nao, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alirekodi "Malaika".

Wimbo wenyewe hauna makuu. Kijana anampenda msichana na angetaka kumwoa, lakini hana mali ya kumtolea. Basi anamwita malaika na kulalamikia umaskini wake. Sisi wa Ufipa hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kijana aliyekwisha kukaa mbele ya wazee na kutajiwa mahari asiyoweza kuilipa anaelewa kila neno.

Baadaye Fadhili aliongoza bendi ya Equator Sound, iliyokuwa chini ya studio ya Charles Worrod mjini Nairobi. Walikuwamo Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma. Santuri zao ndogo, wimbo mmoja kila upande, zilisambaa Afrika Mashariki nzima katika miaka ile ya Uhuru. Watu walicheza twisti kwa Kiswahili, na redio ikafikisha sauti hizo hata mahali ambapo hapakuwa na duka la santuri.

Kisha nyimbo hizo zikavuka bahari. Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba waliiweka "Malaika" katika santuri yao ya pamoja, na santuri hiyo ikapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1967 kundi la Hep Stars la Sweden, alimokuwamo Benny Andersson ambaye baadaye alikuwa mmoja wa ABBA, liliitoa "Malaika" kama santuri ndogo na ikapendwa sana kwao. Mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza waliuchukua wimbo wa Kabaka, "Helule Helule", nao ukafika nafasi ya 14 katika orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi nchini humo. Boney M. nao waliitoa "Malaika" mwaka 1981. Vijana wa Nairobi waliokuwa wakilipwa kidogo walikuwa wameipa dunia nyimbo za kucheza.

Hapo ndipo swali la haki linapoanza. Jina lililoandikwa kama mtunzi wa "Malaika" halikuwa moja katika santuri zote. Fadhili alisisitiza hadi mwisho kwamba wimbo ni wake. Lakini Mtanzania Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916, naye alidai kwamba aliutunga akiishi Nairobi katikati ya miaka ya 1940, kwa ajili ya msichana ambaye wazazi walimkatalia. Wapo na wengine waliodai sehemu yao.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kwamba kauli mbili zinazopingana haziwezi zote kuwa kweli kwa namna ileile na kwa wakati uleule. Lakini pia tunafundishwa kutofautisha kabla ya kuhukumu. Kutunga ni jambo moja, kurekodi ni jambo lingine, na kuuza ni la tatu. Hakuna anayebisha kwamba sauti ya Fadhili ndiyo iliyoutoa wimbo huu mtaani na kuufikisha kwenye santuri. Hiyo ni kazi, na kazi ina ujira wake. Kama Salim ndiye aliyetunga, naye ana ujira wake. Deni la mmoja halifutwi kwa kumlipa mwenzake, wala ugomvi wao haukumpa mtu wa tatu ruhusa ya kula peke yake.

Katika miaka ya 1980 Fadhili alihamia Marekani, akaishi huko zaidi ya miaka kumi akifanya kazi za kawaida, huku wimbo aliourekodi ukiendelea kuimbwa duniani kote. Alirudi Kenya, akafariki Nairobi tarehe 11 Februari 2001. Hakufa tajiri. Kijana wa wimbo alikosa mali ya kuolea. Mwimbaji naye alizeeka bila kuuona utajiri ambao wimbo wake uliwaletea wengine.

Ndugu msomaji, jambo hili si la Nairobi na Ulaya tu. Kwaya zetu za parokia zinaimba kila Dominika nyimbo zilizotungwa na walimu, makatekista na wakulima. Nakala za nota hupita mkono kwa mkono, zinatolewa kopi juu ya kopi, na mara nyingi kona ya juu yenye jina la mtunzi ndiyo inayokatwa kwanza. Halafu kwaya inarekodi, albamu inauzwa, na mtunzi anausikia wimbo wake kwenye basi kama abiria mwingine yeyote.

Haki, kama walivyotufundisha wakubwa wa falsafa, ni kumpa kila mtu kilicho chake. Kwa mwanakwaya inaweza kuanza na jambo dogo: kuandika jina la mtunzi kwenye nota, na kumtafuta kabla ya kwenda studio. Tumwombee Fadhili William na Adam Salim, wapumzike kwa amani.